Ukiandika "nguo" kwenye risiti, kitakachopotea ni nguo

Leo tuongee kuhusu kutuma mizigo ya thamani: simu, laptopu, saa, kamera, vipuri vya gari, cheni za dhahabu. Vile vitu ambavyo kifurushi kimoja kidogo tu kinabeba faida ya mwezi mzima, na kwa wengine kinabeba mtaji wote.

Wengi wetu humu tunauza mtandaoni na wateja wako mikoani. Mteja anaona bidhaa kwenye status akiwa Mwanza, analipa kwa simu, wewe uko Kariakoo. Katikati yenu kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Kuna bodaboda wa kutoka dukani, karani wa ofisi ya basi, wapakiaji, konda, karani wa upande wa pili, na mara nyingine bodaboda mwingine wa kumfikishia mteja. Watu watano au sita wanashika mali yako na hakuna hata mmoja anayejua uliinunua shilingi ngapi.

Mara nyingi mzigo unafika salama, na hapo ndipo tunapozoea. Ukituma mara hamsini bila tatizo unaanza kuona kwamba mzigo kufika ni kitu cha lazima. Mara ya hamsini na moja ndiyo inakufundisha kwamba hukuwa na karatasi yoyote ya kukulinda.

Kama utashika jambo moja tu kwenye posti hii, shika hili: NAULI YA MZIGO HAILIPII THAMANI YA MZIGO. Ukilipa elfu kumi kutuma boksi, umelipia boksi kutoka hapa kwenda kule. Kilichomo ndani hakuna aliyekipokea kama hakikuandikwa. Thamani ya mali yako inasafiri na maandishi. Isipoandikwa, haijasafiri.

1. UNACHOLIPIA NI NINI HASA?

Geuza risiti yoyote ya mzigo usome maandishi madogo ya chini au ya nyuma. Nyingi zina maneno ya aina hii: kampuni haitahusika na mzigo wa thamani ambao haukutamkwa, au mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenyewe, au fidia haitazidi kiasi fulani. Tunaiweka mfukoni bila kusoma. Lakini siku ya ugomvi karatasi hiyo ndiyo inayofunguliwa mezani.

Kuna dada mmoja tunafahamiana naye hapa sokoni, anauza laptopu. Alituma mashine ya milioni moja na laki tatu kwenda kwa mteja wa Kanda ya Ziwa. Karani akamuuliza, "Kuna nini humu?" Akajibu, "Nguo." Alikuwa na sababu mbili, na nina uhakika wewe pia unazijua. Ya kwanza, ukisema laptopu nauli inapanda. Ya pili, ukisema laptopu unawaamsha wezi. Risiti ikaandikwa: boksi moja, nguo, elfu nane. Mzigo haukuonekana tena.

Nilimsindikiza ofisini kwao siku ya kudai. Meneja hakugombana na sisi wala hakutufukuza. Aliichukua risiti, akaisoma kwa sauti, akauliza, "Dada, nguo za milioni moja na laki tatu ni nguo gani?" Tukakosa la kusema. Walimlipa laki moja na nusu kama fidia ya nguo, wakamwambia asaini. Alisaini, kwa sababu hakuwa na karatasi hata moja inayosema kulikuwa na laptopu.

Hapo nani kamwibia? Mwizi kachukua laptopu. Lakini haki ya kudai milioni moja na laki tatu ilipotea mapema zaidi, pale kaunta, kabla basi halijawashwa.

Sasa linganisha na hii. Mwaka 1958 mfanyabiashara wa vito wa New York, Harry Winston, alitoa almasi maarufu inayoitwa Hope Diamond kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Almasi ya karati zaidi ya 45. Unajua aliitumaje? Kwa posta. Kifurushi cha kawaida kwa macho, kimesajiliwa. Alilipa dola 145.29. Kati ya hizo, gharama ya kusafirisha ilikuwa dola 2.44 tu. Zilizobaki zote, dola 142.85, zilikuwa za bima ya dola milioni moja.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Kusafirisha ni dola mbili na kitu. Kuilinda thamani ni dola mia na arobaini na kitu. Mtu aliyeishi na mali ya thamani maisha yake yote alijua kwamba hizo ni bili mbili tofauti. Sisi tunalipa ile ya dola mbili halafu tunategemea tumelipia zote.

2. KUFICHA NJE, UKWELI KWENYE RISITI

Najua swali linalokuja: "Sasa nikitaja simu si ndiyo naitangazia wezi?" Swali la haki kabisa. Jibu ni kutenganisha vitu viwili ambavyo tunavichanganya.

Boksi la nje linaonwa na kila mtu: mpakiaji, abiria, anayepita stendi. Hapo ficha. Usitumie boksi lenye picha ya simu, na usitumie mfuko wenye jina la duka lako kama kila mtu anajua unauza simu. Chukua boksi la biskuti au la sabuni, lililo gumu, lifunge lote kwa karatasi ya kaki. Juu andika jina la mpokeaji, namba yake, mji, na namba yako. Basi. Usiandike "SIMU, SHIKA KWA UANGALIFU". Unafikiri unamwambia mpakiaji aishike vizuri, kumbe unamwambia ni ipi ya kuchukua.

Risiti inaonwa na karani na kubaki kwenye kitabu chake. Hapo andika ukweli: aina ya kitu, idadi, na thamani. "Simu 1, thamani 850,000." Kama karani hataki kuandika thamani, muulize anapokea mzigo wa thamani kwa utaratibu gani. Ofisi zilizojipanga zina utaratibu: mzigo wa namna hiyo unaandikwa kwenye daftari lake, unakaa mbele karibu na dereva au konda badala ya kutupwa kwenye buti, na unakabidhiwa kwa saini. Ofisi ikikujibu "weka tu, utafika," umeshapata jibu lako. Beba boksi lako uende ofisi ya pili. Ofisi za kutuma mizigo ziko nyingi, za Mbezi na za Shekilango zote zinataka hela yako.

Na nauli ikipanda? Ipande. Weka kwenye bei. Ukiuza simu ya laki nane na nusu, mteja hawezi kukimbia kwa sababu ya elfu tano ya kumhakikishia usalama wa mali yake. Mwambie hivyo hivyo: "Hii ni nauli ya mzigo uliotamkwa." Wateja wengi wakielezwa wanaelewa, na wengine wanakuamini zaidi.

3. USHAHIDI UNAANDALIWA KABLA, SIYO BAADA

Ugomvi mkubwa wa mizigo siyo boksi kupotea. Boksi likipotea angalau wote mnakubaliana halipo. Ugomvi mkubwa ni boksi limefika, limefungwa vizuri, mteja anafungua anakuta vipande viwili vya sabuni. Hapo watu watatu wanatazamana. Mteja anasema wewe tapeli. Wewe unasema ofisi imeiba. Ofisi inasema boksi halijaguswa, labda mteja ndiye aliyetoa. Na inawezekana yeyote kati ya watatu anasema kweli.

Kinachokutoa hapo ni vitu vitatu, na vyote ni bure au karibu na bure.

Video ya kufunga. Iwe video moja mfululizo, bila kukata. Anza na simu ikiwa imewashwa, piga *#06# ili namba ya IMEI ionekane, zile tarakimu 15. Onyesha IMEI iliyo kwenye boksi la simu kwamba zinafanana. Zima, weka ndani, funga, piga solotepu, onyesha jina la mpokeaji lililoandikwa juu. Ukikata video katikati hata sekunde tano, mtu atasema hapo ndipo ulipobadilisha. Dakika mbili tu zinatosha.

Uzito. Hii wengi hawaijui. Nunua mizani ndogo ya jikoni ile ya gramu. Ukishafunga, weka boksi kwenye mizani ukiwa bado unarekodi, na andika uzito huo kwenye risiti kama karani anakubali, au umtumie mteja. Mwizi anayebadilisha simu kwa sabuni au jiwe ni nadra sana apate uzito uleule hadi gramu. Mzigo ukitoka na gramu 612 ukafika na gramu 540, mnajua umeguswa njiani kabla hata ya kuufungua. Na ukifika na 612 zilezile, ofisi imetoka kwenye lawama na mazungumzo yanabaki kati yako na mteja. Mizani haina upande, inamlinda yeyote mwenye haki.

Alama ya kufungia. Pale solotepu inapokutana na boksi, weka saini yako kwa peni ya wino mzito, nusu iwe kwenye solotepu nusu kwenye boksi. Piga picha. Akifungua na kufunga upya, saini haitakaa sawa tena. Mimi huweka sehemu tatu, na picha zake namtumia mteja kabla mzigo haujaondoka ili akifika ofisini azilinganishe.

Kisha mwambie mteja afungulie pale pale kaunta, mbele ya karani, huku anarekodi. Siyo nyumbani, siyo kwenye bajaji. Akishasaini na kuondoka, madai yanakuwa magumu mara kumi. Kama kuna dalili ya boksi kuguswa, asisaini kabla karani hajaandika kwenye daftari kwamba limepokelewa likiwa na hitilafu.

4. RISITI SIYO YA KUPOSTI STATUS

Hapa naomba tusikilizane kwa makini, maana tabia hii imeenea.

Tunapenda kuonyesha kazi. Mizigo imetoka, tunapiga picha risiti kumi zimepangwa, tunaposti: "Mikoani tumeshatuma, asanteni kwa kutuamini." Ni tangazo zuri. Lakini angalia kilichomo kwenye picha hiyo: jina la mteja, namba yake ya simu, jina la basi, namba ya risiti, mji unaokwenda. Vyote ambavyo mtu anahitaji kwenda ofisini kabla ya mteja wako na kusema, "Nimefuata mzigo wangu, risiti hii hapa kwenye simu."

Kwenye ofisi nyingi mzigo unatolewa kwa picha ya risiti na jina. Hawamjui mteja wako kwa sura. Kwa hiyo anayeshika risiti ndiye mwenye mzigo. Ichukulie kama unavyochukulia namba yako ya siri.

Fanya hivi. Picha ya risiti itume kwa mteja peke yake, kwenye namba ileile aliyolipia. Ukitaka kuposti status, piga picha maboksi kwa mbali, au funika namba na majina. Mwombe karani aandike kwenye risiti "apokee mwenyewe na kitambulisho", kisha hakikisha jina uliloandika ni lile lililo kwenye kitambulisho cha mteja, siyo "Mama Junior" wala "Bonge".

Na kuna simu moja unaweza kupigiwa: "Mimi ni wa ofisi ya basi, mzigo wako una shida, nitumie risiti yako na namba ya mteja tuurekebishe." Karani wa kweli ana kitabu chenye nakala ya risiti. Kwa nini aombe yako? Kata, piga namba ya ofisi iliyochapishwa kwenye risiti, uliza.

5. UKIPOTEA, HASARA NI YA NANI: YAKO AU YA MTEJA?

Hili ndilo linalovunja urafiki na kuchafua majina ya maduka mtandaoni. Mteja anasema, "Sijapokea, nirudishie hela yangu." Muuzaji anasema, "Nilishatuma, risiti ninayo, malizana na basi."

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Kwa ufupi inasema hivi: kama makubaliano ni kwamba muuzaji atatuma bidhaa, basi kumkabidhi msafirishaji kwa kawaida kunahesabiwa kama umemkabidhi mnunuzi. Wauzaji wakisikia hapo wanashangilia. Ngoja kwanza. Sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji afanye makubaliano ya busara na msafirishaji kwa niaba ya mnunuzi, kulingana na aina ya bidhaa na mazingira. Asipofanya hivyo na mali ikapotea au kuharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa, au kumdai muuzaji fidia.

Sasa rudi kwa yule dada. Kutuma laptopu ya milioni moja na laki tatu kama nguo za elfu nane, hayo ni makubaliano ya busara? Mteja wake akimbana, dada hana pa kujificha. Ule ujanja wa kuokoa elfu chache ndio uliomrudishia hasara yote mikononi mwake. Na kweli, alimrudishia mteja hela yake yote, kwa awamu tatu.

Na kuna "isipokuwa mmekubaliana tofauti". Kwa hiyo kubalianeni, kwa maandishi, kabla hela haijatumwa. Mimi nina ujumbe niliouhifadhi, namtumia kila mteja wa mkoani:

"Habari ndugu mteja. Mzigo wako utatumwa kwa basi ukiwa umetamkwa thamani yake. Nauli ni sh. ... Nitakutumia video ya kufunga, uzito, na risiti. Tafadhali fungua mbele ya karani huku unarekodi. Mzigo ukipotea au kuharibika kabla hujasaini, nitashughulikia mimi. Ukishasaini bila malalamiko, mzigo ni wako. Ukiafiki jibu NAKUBALI."

Unaona sijajipa haki zote. Nimebeba hatari ya njiani, kwa sababu mimi ndiye ninayechagua basi na mimi ndiye mwenye risiti ya kudai. Lakini nimeweka mwisho wake wazi. Wewe unaweza kugawa tofauti, muhimu igawanywe mapema na iandikwe. Neno "NAKUBALI" kwenye WhatsApp, lenye tarehe na saa, limeokoa biashara nyingi kuliko kelele.

6. MZIGO UNAOKUJA KWA NDEGE KUTOKA NJE

Wanaoagiza kutoka Guangzhou au Dubai, hii ni yenu.

Usafirishaji wa kimataifa kwa ndege unaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania ni mwanachama. Mkataba huo unaweka kikomo cha fidia ya mzigo kwa KILO, siyo kwa thamani. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 kwa kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja ni zaidi kidogo ya dola moja na senti thelathini.

Tupige hesabu. Katoni ya simu 20, kila moja na boksi lake nusu kilo, jumla kilo 10. Simu ulizinunua laki sita moja, jumla milioni 12. Katoni ikipotea, kikomo ni SDR 260, kama dola 350 hivi. Kwa shilingi inacheza kwenye laki tisa. Milioni 12 imeondoka, imerudi laki tisa, na sheria imefuatwa vizuri kabisa. Kwa mizani ya ndege, kilo kumi za simu na kilo kumi za ndala ni kitu kimoja.

Isipokuwa kama ulitamka thamani. Mkataba huohuo unasema mtumaji akitoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi mzigo, na akalipa nyongeza inayotakiwa, kikomo kinakuwa kile alichotamka. Ni somo lile lile la kaunta ya basi, limevaa suti tu.

Na muda wa kulalamika una mwisho. Mzigo ulioharibika: ndani ya siku 14 tangu upokee, kwa maandishi. Uliochelewa: siku 21. Ukipokea bila kulalamika, inachukuliwa kwamba umefika katika hali nzuri mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Kesi mahakamani, miaka miwili.

Kumbuka pia kwamba wengi hatukabidhi mzigo kwa shirika la ndege. Tunakabidhi kwa wakala wa kukusanya mizigo, naye anachanganya na ya wengine. Aliyeingia mkataba na ndege ni yeye, wewe una mkataba na yeye. Mwombe masharti yake ya fidia kwa maandishi kabla hujatuma hata kilo moja. Akisema "sisi hatupotezi mizigo," mwambie vizuri, basi haitamgharimu kitu kuandika.

Jambo dogo lakini linakamata watu: pawabenki. Tangu Aprili 2016, betri za litiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na pawabenki inahesabiwa kama betri. Ukiificha ndani ya katoni ya simu ikagunduliwa, katoni nzima inazuiwa. Na ukitamka uongo kuhusu kilichomo ndani, usitegemee kulipwa hata senti.

7. PUNGUZA UKUBWA WA PIGO

Hata ukifanya yote, siku moja kitu kinaweza kupotea. Swali linabaki: likitokea, kesho utafungua duka?

Weka kiwango chako. Mimi risiti moja haibebi zaidi ya kiasi ambacho nikikipoteza leo, kesho bado naweza kununua mzigo. Kwa mwenye mtaji wa milioni tatu, kutuma simu za milioni mbili na nusu kwenye boksi moja ni kamari. Gawa mara mbili, mabasi mawili, siku mbili. Utalipa nauli mara mbili, ndiyo. Hiyo nauli ya pili ndiyo bima yako.

Bima yenyewe nayo ipo. Kampuni za bima zilizosajiliwa na TIRA zinauza bima ya mizigo iliyo safarini. Kwa anayetuma simu moja kwa wiki inaweza isimlipe. Kwa anayetuma kila siku, kaa na wakala wa bima uulize bei kwa mwaka, na uulize hasa wizi wa njiani umo au haumo.

Dhahabu, vito na fedha taslimu ni habari nyingine. Hata kanuni za posta za kimataifa haziruhusu vitu hivyo kwenye kifurushi kisicho na bima pale ambapo huduma ya vifurushi vya bima ipo. Na hela usiweke ndani ya boksi la bidhaa hata siku moja, hata kama ni chenji ya mteja. Tuma kwa simu.

8. IKITOKEA UMEPOTEA, SAA 24 ZA KWANZA

Piga ofisi zote mbili, ya kutumia na ya kupokelea. Andika jina la aliyekujibu na saa. Kisha andika malalamiko, siyo simu tu: barua au ujumbe wenye namba ya risiti, kilichomo, thamani, na tarehe. Peleka nakala, wakugongee muhuri wa kupokea.

Nenda polisi uripoti upate namba ya RB. Kama ni simu, beba IMEI, kisha ipeleke pamoja na RB kwenye kampuni ya simu uombe ifungiwe. Mwizi akikosa kuitumia, soko lake linakufa.

Kama ofisi inakuzungusha, kuna pa kwenda. LATRA inasimamia usafiri wa ardhini, yakiwemo mabasi. TCRA inasimamia huduma za posta na inatoa leseni za kusafirisha vifurushi na vipeto. Kabla ya kuchagua wa kufanya naye kazi kila siku, uliza kama ana leseni hiyo. Anayefanya kazi bila leseni hana cha kupoteza ukimshtaki.

Na mteja wako usimzimie simu. Mtumie video, mtumie nakala ya malalamiko, mwambie lini utampa jibu, na siku hiyo mpe jibu hata kama ni "bado". Watu wanaitwa matapeli mtandaoni kwa sababu ya kunyamaza kuliko kwa sababu ya kupoteza.

KWA HIYO KABLA YA KUTUMA KESHO

Video moja bila kukata. Uzito. Saini juu ya solotepu. Boksi lisilosema kitu nje. Risiti inayosema kila kitu: aina, idadi, thamani. Picha ya risiti kwa mteja peke yake. "NAKUBALI" kabla ya hela. Kufungulia kaunta.

Ukizoea, yote hayo hayazidi robo saa kwa mzigo mmoja. Karani akikuuliza "Kuna nini humu?", jibu lako ndilo litakaloamua utadai nini siku ya siku. Mjibu ukweli, na umsubiri aandike.

Hifadhi posti hii, mtumie mwenzako anayetuma mikoani. Na kama ofisi unayotumia ina utaratibu mzuri wa mzigo wa thamani, tuambie hapo chini wanafanyaje, wengine tujifunze. Biashara njema.